Studio, Karo na Riziki: Shahada ya Sanaa kwa Vijana wa Soin na Nchi ya Chai

Chanzo cha mkanganyiko

Kabla ya Mtaala wa Umilisi kufika sekondari pevu Januari 2026, wazazi wa Kenya walitakiwa, kwa mara ya kwanza, kuwasaidia watoto wa miaka 14 na 15 kuchagua mkondo mmoja kati ya mitatu: ule wa Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati; ule wa Sayansi za Jamii; na ule wa Sanaa na Sayansi ya Michezo. Kutoka Soin, nyanda za joto za Kericho zinazoteremka kuelekea mto Nyando, hadi miinuko ya chai ya Belgut, Bureti na Konoin, mkondo wa tatu ndio uliowaacha wazazi na maswali mengi zaidi, kwa kuwa wengi wao hawakuwa na mtu wa kumwuliza. Mzazi wa huku anamjua mwalimu, muuguzi, karani wa kiwanda cha chai na meneja wa shamba. Mchongaji aliyesomea kazi yake chuo kikuu hajapata kumwona.

Serikali nayo iliongeza utata bila kukusudia. Wizara ya Elimu ilitaja lengo la kuwapeleka asilimia 60 ya wanafunzi kwenye mkondo wa sayansi, asilimia 25 kwenye sayansi za jamii na asilimia 15 kwenye sanaa na michezo, kisha shule zikagawanywa kati ya zile zenye mikondo yote mitatu na zile zenye miwili tu, ambazo ndizo zilizokosa sanaa. Matokeo yake ni kwamba mkondo ulio wazi kwa kila mtoto kwenye karatasi uligeuka, kwa familia iliyo mbali na shule kubwa, kuwa mkondo wa bweni na nauli.

Ndani ya mabishano hayo yamo maswali matatu ambayo huchanganywa yakawa moja. La kwanza ni kama kipaji cha kuchora au kuchonga kinastahili kusomeshwa. La pili ni kama mahali pa kukisomesha ni chuo kikuu, kwa miaka minne na kwa gharama ya chuo kikuu. Na la tatu ni kama shahada hiyo itamlisha aliyeipata. Anayejibu la tatu kwa kusema kwamba wasanii hawana kazi hudhani amejibu yote, naye anayejibu la kwanza kwa kusema kwamba kipaji ni baraka hudhani vivyo hivyo. Swali la pili ndilo linaloachwa katikati, na ndilo linaloshughulikiwa zaidi hapa.

Shahada yenyewe na asili yake

Shahada ya kwanza ya sanaa za ufundi ni kozi ambayo sehemu kubwa ya alama zake hupatikana kwa kutengeneza vitu: kuchora, kupaka rangi kwenye turubai, kuchonga, kufinyanga, kuchapa picha kutoka kwenye mbao au bamba la chuma, kubuni vitambaa. Pembeni ya kazi hizo huwekwa historia ya sanaa na nadharia, na mahali pa kazi huitwa studio, yaani chumba chenye mwanga wa kutosha, maji, meza imara na vifaa, ambamo mwanafunzi huacha kazi yake usiku na kuikuta asubuhi. Marekani ina kipimo kinachofahamika, kwa kuwa shahada iliyokusudiwa kumwandaa msanii hutenga takriban thuluthi mbili ya masomo kwa studio na historia ya sanaa, ilhali shahada ya kawaida yenye sanaa kama somo kuu hutenga chini ya nusu. Nchini Kenya mwombaji hawezi kutegemea jina la shahada peke yake. Hulazimika kusoma orodha ya kozi moja moja ili ajue atakaa studioni saa ngapi na ukumbini saa ngapi.

Mizizi ya masomo haya katika Afrika Mashariki iko Makerere, ambako Margaret Trowell, Mwingereza aliyesomea shule ya Slade ya London, alianza kufundisha sanaa mwaka 1937. Trowell alikuwa amejifunza kwa Marion Richardson, mwalimu aliyeamini kwamba mwanafunzi asimuliwe taswira kwa maneno kisha aichore jinsi anavyoiona akilini, na kwa imani hiyo aliwazuia wanafunzi wake wasiige picha za Ulaya, akawataka wachore hadithi, ibada na kazi za kwao. Aliyemrithi mwaka 1958, Cecil Todd, alishika njia nyingine. Kwake yeye, kumnyima mwanafunzi wa Kiafrika historia ya sanaa ya dunia, nadharia ya rangi na nidhamu ya kuchora kilichopo mbele ya macho kulikuwa ni kumfungia mlango kwa jina la kumlinda. Tofauti hiyo haijamalizika hadi leo, na kila idara ya sanaa katika eneo hili bado imesimama mahali fulani kati ya walimu hao wawili.

Gregory Maloba, mwanafunzi wa Trowell aliyechonga Mnara wa Uhuru wa Kampala wa mwaka 1962, alihamia Nairobi katika miaka ya 1960 na kufundisha katika chuo kikuu, na baadaye Kenyatta. Katika vyuo hivyo viwili masomo yaligawanyika kwa namna ambayo wazazi wengi hawaijui. Chuo Kikuu cha Nairobi kilielekea kwenye usanifu, yaani ubunifu unaomlenga mteja: bidhaa, vitambaa, matangazo, mapambo ya ndani ya majengo. Chuo Kikuu cha Kenyatta kilishikilia sanaa za ufundi, pamoja na mafunzo ya walimu wa sanaa. Mtoto anayesemekana amekwenda kusomea kuchora huenda akajikuta kwenye njia mojawapo kati ya hizo, na njia hizo huishia katika maisha tofauti.

Katika nchi ya chai yenyewe vipo vyuo vya karibu. Chuo Kikuu cha Kabianga kilipata hati yake mwaka 2013, na chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi kikaanzishwa Bomet mwaka 2017, lakini vyote viwili vimejengwa zaidi juu ya ualimu, biashara, kilimo na sayansi. Kijana wa Soin anayetaka studio mara nyingi husafiri zaidi ya kilomita 250 hadi Nairobi, na umbali huo una gharama zake, kama itakavyoonekana.

Kinachofanyika studioni

Mabishano mengi kuhusu shahada hii hufanywa na watu ambao hawajaona mwanafunzi wake akifanya kazi, kwa hiyo inafaa kueleza jambo moja kwa karibu. Mwaka wa kwanza hutawaliwa na kuchora, na zoezi la kawaida ni kuweka kitu mezani na kukichora kwa saa kadhaa. Kitu hicho chaweza kuwa chupa au kiti. Chaweza pia kuwa sotet, kibuyu cha Wakipsigis cha kuhifadhia mursik, yaani maziwa ya kugandisha. Sotet husafishwa ndani kwa sosiot, fimbo ya mtende iliyopondwa ncha hadi ikatoa nyuzi, kisha kuta zake za ndani husuguliwa kwa makaa ya mti wa senetwet, na nje hufungwa ngozi na kupambwa kwa shanga. Anayekichora hukumbana na matatizo ambayo hakuyategemea: kibuyu hakina kona, kwa hiyo mstari hauna mahali pa kupumzika, shingo yake huinama kidogo upande mmoja, mng'ao wa ngozi si sawa na mng'ao wa ganda, weusi wa makaa unaoonekana mdomoni si weusi wa kivuli kilicho chini yake. Baada ya saa tatu mwanafunzi huhamishwa kiti na kuanza upya.

Akimaliza wiki kadhaa za kazi ya namna hiyo, anakuwa amefunzwa kuona, kwa sababu jicho la kawaida huchora linachokijua na kuruka linachokitazama. Huo ndio ujuzi unaotumika baadaye katika kuchonga, katika kubuni pakiti ya majani ya chai, na hata katika kusimamia kiwanda cha vigae.

Jambo la pili, ambalo ni la thamani zaidi, ni kikao cha ukosoaji. Kazi za wiki hutundikwa ukutani, mwenye kazi hueleza alichokusudia, kisha wenzake na mhadhiri humwonyesha pale ambapo kazi haikufika. Wenzake hao si jamaa zake wala wateja wake. Hawamsifu kwa upendo wala hawampingi kwa kutaka punguzo la bei. Hufanya hivyo kwa miaka minne mfululizo, na mwanafunzi hujifunza kutetea uamuzi wake kwa sababu, kuuacha pale sababu inapokosekana, na kurudi Jumatatu kuanza tena. Rangi na turubai hununuliwa madukani na mbinu hupatikana kwenye video za simu, lakini miaka minne ya kukosolewa kwa dhati na watu wenye ujuzi haiuzwi popote. Hicho ndicho shahada ya studio inachokitoa, na ikikosekana, kilichobaki ni karatasi.

Kwa bahati mbaya ndicho kinachokufa kwanza fedha zinapopungua. Mhadhiri mmoja anaweza kuhutubia wanafunzi mia mbili wa historia, lakini hawezi kukosoa michoro ya wanafunzi mia mbili. Joko la kuchomea vyungu hula umeme au gesi, mashine ya kuchapa picha huhitaji vipuri, na chumba cha kuchanganyia tindikali lazima kiwe na hewa inayopita. Mahali ambapo madarasa yamejaa na vifaa vimechakaa, kikao cha ukosoaji hugeuka kuwa dakika mbili za kusahihisha, na turubai hugeuka kuwa kazi ya nyumbani inayofanywa kitandani katika chumba cha kupanga. Shahada hiyo hubeba jina lilelile na hugharimu karo ileile.

Msimamo wa kwanza: msanii hujengwa na chuo

Wanaotetea shahada huanza na majina, na majina yao ni mazito. Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, alianza katika michoro ya matangazo ya biashara kabla ya kwenda Uingereza, akapata shahada yake ya kwanza Farnham mwaka 1976 na ya pili katika Royal College of Art mwaka 1982. Wangechi Mutu, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1972, alisomea Cooper Union ya New York kisha Yale. Michael Armitage, mzaliwa wa Nairobi wa mwaka 1984, alipitia Slade, shule ileile iliyomfunza Trowell, na mwaka 2020 akaanzisha Nairobi taasisi ya sanaa ya kisasa ijulikanayo kama NCAI.

Nguvu ya msimamo huu inaonekana vizuri zaidi kwa Odundo. Vyungu vyake hujengwa kwa mkono, pindo juu ya pindo, bila gurudumu, husuguliwa hadi ving'ae, na rangi yake hutoka kwenye moto wenyewe, jinsi wafinyanzi wanawake wa Afrika walivyofanya kwa karne nyingi. Ila hakuupokea ufundi huo nyumbani. Masomo yake ndiyo yaliyomfikisha Abuja nchini Nigeria kwa wafinyanzi wa huko, kisha New Mexico kwa wafinyanzi wa kienyeji wa Marekani, hata akaona kwamba kazi iliyodharauliwa kama ya jikoni ina hadhi ya kusimama kwenye jumba la makumbusho. Chuo kilimpa macho ya kuitazama Afrika upya, na hiyo ni hoja ambayo wanaodhani kwamba shahada humtenga kijana na kwao wanapaswa kuijibu.

Udhaifu wa msimamo uko wazi vilevile. Wote watatu walisoma nje, katika shule zenye studio zilizokamilika, makumbusho ya jirani na wanunuzi mjini. Kuwatumia kama ushahidi wa kile ambacho chuo cha umma cha Kenya kitamfanyia mtoto wa mchuma chai ni kuruka hatua kadhaa kwa pamoja.

Msimamo wa pili: msanii hujijenga kazini

Kundi la pili lina ushahidi wa karibu zaidi, na kwa watu wa Kericho una jina la nyumbani. Chelenge Van Rampelberg, aliyezaliwa Kericho mwaka 1961, hakusomea sanaa darasani. Alijifunza mwenyewe, na leo anahesabiwa miongoni mwa wachongaji wanawake wa kwanza nchini, akifanya kazi katika mti, chapa na rangi. Sane Wadu naye aliacha ualimu katika miaka ya 1980 akajifunza kupaka rangi peke yake, na kutoka Ngecha akawa kiongozi wa kizazi kizima cha wachoraji wasio na cheti. Tukisogea jirani ya Bomet na Sotik, familia za Tabaka katika nchi ya Wakisii zimechonga mawe laini kwa vizazi, na hakuna anayewauliza shahada.

Hoja ya msimamo huu haiishii kwenye unafuu wa gharama. Msanii anayejifunza kazini hukutana na mnunuzi, na ukata, na nyenzo halisi tangu siku ya kwanza, na hakuna mhadhiri anayempa lugha ya kujificha nyuma yake. Nairobi imekuwa na vituo vilivyolea njia hiyo, kuanzia Paa ya Paa ya mwaka 1965, chini ya Elimo Njau na wenzake, hadi Kuona Trust ya mwaka 1995, ambako vijana walipata nafasi ya kazi na wenzao wa kukosoana nao. Jambo hili la mwisho ni la kuzingatiwa: njia ya kujifunza mwenyewe imefaulu zaidi pale ilipojitengenezea kikao chake cha ukosoaji. Hata aliyekimbia chuo alikihitaji kile ambacho chuo kizuri hutoa.

Udhaifu wake ni wa aina mbili. Kwanza, msanii asiye na uwezo wa kuandika kuhusu kazi yake hutegemea mtu wa kumwandikia, na mara nyingi mtu huyo ndiye anayemuuzia kazi zake. Ruth Schaffner, aliyeliendesha jumba la sanaa la Gallery Watatu jijini Nairobi tangu katikati ya miaka ya 1980, aliwafungulia wasanii wengi waliojifunza wenyewe soko ambalo hawakulijua. Alipofariki mwaka 1996, wengi walibaki bila mlango mwingine. Tabaka nako, wachongaji hubaki na sehemu ndogo ya bei ambayo jiwe lao hufikia Ulaya. Pili, majina yanayotajwa ni ya waliofika. Walioanza peke yao wakakoma baada ya miaka miwili hawaorodheshwi popote, na hesabu inayoanzia kwa washindi haiwezi kumwongoza mzazi.

Msimamo wa tatu: sanaa ndiyo, lakini iliyofungwa kwenye ajira

Kundi la tatu, ambalo pengine ndilo kubwa zaidi katika Kericho na Bomet, hukubali kipaji lakini hutaka kipitishwe kwenye ualimu au usanifu wa michoro. Woga ulio nyuma ya msimamo huu ni halali. Mei 2023 mashine za kuchuma chai zilichomwa moto Kericho na watu walioziona zikichukua kazi za mikono yao. Mzazi aliyeshuhudia kazi iliyodhaniwa kuwa ya kudumu ikitoweka hawezi kulaumiwa anapouliza ni nani atakayemwajiri mchoraji, hasa sasa ambapo programu za kompyuta zinatoa picha kwa amri ya maneno machache.

Ni kweli pia kwamba usanifu hupata mteja haraka kuliko uchongaji: mabango, sare za shule, pakiti, mitandao ya biashara. Lakini sehemu ya kazi hizo ndiyo inayoliwa kwanza na programu zilizotajwa, na anayesalimika ni yule mwenye jicho lililofunzwa kuchagua na kukataa, jicho ambalo hujengwa na lile zoezi la kibuyu. Kumkimbiza mtoto kwenye kompyuta kabla hajajifunza kuchora ni kumpa sehemu ya ujuzi iliyo rahisi kuchukuliwa.

Ualimu una historia inayofundisha zaidi. Rosemary Karuga alikuwa mwanamke wa kwanza kusomea sanaa Makerere, kati ya 1950 na 1952, kisha akafundisha shule kwa miongo kadhaa, na ni baada ya kustaafu, katika miaka ya 1980, alipoanza kutengeneza picha kwa vipande vya karatasi za pakiti, akaonyeshwa Studio Museum ya Harlem mwaka 1990. Wanaotetea ualimu humtaja kama ushahidi kwamba mshahara humhifadhi msanii. Ushahidi huohuo waweza kusomwa kinyume, kwamba darasa lilichukua karibu miaka 30 ya mikono yake, na kwamba wengi wa rika lake hawakupata miaka ya ziada baada ya kustaafu. Usomaji wote wawili ni wa haki, na gharama ya njia hii iko hapo: huchukua muda, si kipaji.

Kinachoizuia Soin hasa

Mabishano ya misimamo hii mitatu hufanywa kana kwamba kijana wa Soin anasimama mbele ya milango mitatu iliyo wazi, na hilo si kweli. Kizuizi chake kikubwa kiko kabla ya chuo. Katika mfumo wa awali wa 8-4-4, Sanaa na Usanifu lilikuwa somo la hiari lililofanywa na shule chache, nyingi zikiwa zile zenye fedha, kwa kuwa mtihani wake ulidai vifaa na mradi wa vitendo. Mtoto aliyemaliza kidato cha nne bila somo hilo hufika chuoni bila mkoba wa kazi, yaani mkusanyo wa michoro na vitu alivyotengeneza unaoonyesha alipofikia, na akitaka kuwa mwalimu hukutana na kizuizi cha pili, kwa kuwa Tume ya Huduma za Walimu hudai alama ya C+ ya mtihani wa kidato cha nne katika kila somo la kufundishia. Kwa hiyo upungufu hujizaa: shule haina mwalimu wa sanaa, mwanafunzi hafanyi mtihani wa sanaa, na asiyefanya mtihani hawezi kuwa mwalimu wa sanaa. Shule za sekondari pevu zilizopewa mkondo wa sanaa zinatafuta walimu katika kisima ambacho mfumo uliotangulia haukukijaza.

Kizuizi kingine ni kalenda ya fedha. Familia nyingi za mkulima mdogo hulipa karo kubwa kwa bonasi ya chai, malipo ya pili ambayo viwanda vilivyo chini ya shirika la chai la wakulima wadogo, KTDA, hutoa karibu na Oktoba, wiki kadhaa baada ya vyuo kufunguliwa, na bonasi ya magharibi mwa Bonde la Ufa kwa kawaida huwa ndogo kuliko ile ya mashariki. Soin ya chini, inayotegemea miwa, mahindi na ng'ombe, haina hata bonasi hiyo. Mikopo ya Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu (HELB) na basari za kaunti husaidia karo, lakini rangi, turubai, udongo na patasi hulipiwa mfukoni mwa mwanafunzi kila muhula, na ndizo zinazoamua atatengeneza kazi kumi au mbili. Mfumo mpya wa ufadhili uliotangazwa mwaka 2023, unaopanga wanafunzi kwa uwezo wa familia, umeongeza wasiwasi, hasa baada ya Mahakama Kuu kuubatilisha Desemba 2024 na suala hilo kupelekwa kwenye rufaa.

Soko la nyumbani nalo ni dogo, ingawa si tupu. Kanisa kuu la Kikatoliki la Sacred Heart mjini Kericho, lililofunguliwa mwaka 2015 na kuezekwa vigae vya udongo juu ya dari refu la mbao za mvinje, lilisanifiwa na kampuni ya John McAslan ya London. Hakuna ubaya katika hilo, na jengo ni zuri, lakini jengo la namna hiyo ni ushahidi kwamba nchi ya chai hununua kazi ya jicho na mkono inapotaka, na kwamba aliyefunzwa yuko mbali.

Kupima misimamo

Yakipimwa yote, wanaosema kwamba shahada ya studio ni upotevu wamekosea, na wanaosema kwamba inafaa kwa kila mwenye kipaji wamekosea pia. Shahada hii inafaa pale penye mambo mawili kwa pamoja: mwanafunzi anayefika na mkoba wa kazi aliyoifanya bila kusukumwa, na idara yenye studio inayofanya kazi na walimu wanaokosoa. Likikosekana la kwanza, miaka minne hutumika kugundua kwamba hakukuwa na hamu. Likikosekana la pili, hata mwenye hamu hudhoofika. Mtoto asiye na mkoba bado ana njia nzuri ya kuanza, nayo ni diploma ya miaka miwili au mitatu. Beatrice Wanjiku, mchoraji anayeheshimika Nairobi, alitoka kwenye taasisi ya diploma ya Buru Buru, na hakuna anayeiona kazi yake kuwa pungufu kwa sababu hiyo.

Kwa Soin na nchi ya chai kwa jumla, njia yenye faida kubwa zaidi katika miaka hii ni shahada ya ualimu wa sanaa kwa wale wachache wenye alama zinazodaiwa, kwa kuwa wao peke yao wanaweza kuukata ule mzunguko wa upungufu, mradi shule zitakazowaajiri ziwape chumba cha kufanyia kazi zao wenyewe ili wasirudie miaka iliyompita Karuga. Mantiki ya msimamo wa tatu inakubalika hapa kwa sababu tofauti na ile inayotolewa na wenyewe: thamani ya mwalimu wa sanaa leo si usalama wa mshahara wake tu, ni watoto mia kadhaa watakaofika chuoni na mikoba mkononi. Njia iliyo mbaya kuliko zote, na inayopaswa kukomeshwa na walimu wakuu, ni kumpeleka mtoto kwenye sanaa kwa sababu alama zake za hisabati ni ndogo, maana studio haina huruma kwa asiyeipenda.

Mzazi, basi, aombe kuiona studio kabla ya kujaza fomu, atazame kazi za wanafunzi wa mwaka wa nne badala ya zile za wahadhiri zilizotundikwa mlangoni, na aulize ni wanafunzi wangapi wanaokosolewa na mhadhiri mmoja kwa wiki. Kaunti za Kericho na Bomet zitenge sehemu ya basari kwa vifaa, si kwa karo peke yake, na zihimize Kabianga na Bomet kufungua hata studio moja ya kuchora na joko moja, kwa kuwa hilo laweza kufanywa bila kuanzisha idara nzima. Muda wa kujiandaa si mrefu: kundi la kwanza la mkondo wa sanaa litamaliza Gredi ya 12 mwaka 2028, na litafika kwenye milango ya vyuo vikuu mwaka 2029.